Magari ya Kushonesha, na Barua Niliyoisoma Nusu



Mhariri ameniomba niandike juu ya magari ya fakhari ya kupitia jangwani na mabondeni, yale yaliyokuwa yakiundwa moja moja kwa amri ya mwenyewe, na juu ya karakhana ndogo zilizokuwa zikiyaunda. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa ukiwaandikia wazee barua zao za Kiingereza, basi khabari hizo unazo." Ninazo. Na ya gari moja ninayo zaidi kuliko nilivyopata kuisema barazani. Nitaanza mbali kidogo, kisha nitaifikia.

Kanzu ya dukani na kanzu ya kushonesha

Sote tuliolelewa Unguja tunajua kwamba kuna kanzu ya dukani na kanzu ya kushonesha. Ya dukani unaivaa kama ilivyo, na ikikupwaya unavumilia. Ya kushonesha, fundi anakupima bega, anakupima mkono, anakuuliza darizi la shingoni unalitaka vipi, kisha anakwambia rudi Alkhamisi. Ikipasuka chini ya kwapa humtafuti aliyeufuma ule uzi. Unamrudia fundi yule yule pale pale kibarazani kwake.

Magari nayo ni hivyo hivyo, na gari la kwanza la kushonesha nililolijua mimi halikuwa la tajiri. Lilikuwa gari la shamba. Wale wa umri wangu wanayakumbuka magari yale ya abiria yenye bodi ya mbao. Kutoka Uingereza ilikuja chasisi tu ya Bedford, yaani fremu, injini, magurudumu na usukani. Juu yake mafundi seremala wa Unguja wakajenga bodi yote: nguzo, paa, viti virefu vya pembeni, na juu ya paa mahala pa kupakia ndizi, madafu na matenga ya kuku. Mchoro haukuwapo. Fundi alikuwa na futi, penseli sikioni, na akili yake. Ubao ukioza, gari lilirudishwa kwake, ukabanduliwa ukatiwa mwengine, na baina ya Adhuhuri na Magharibi gari likaondoka na abiria.

Hapa Oman niliukuta ufundi huo huo, lakini pwani. Sur, mafundi wa majahazi walikuwa wakiunda chombo kizima bila ya karatasi, kwa mbao za msaji zilizotoka Malabar. Lile jahazi la Fath al-Khair ambalo mgeni yeyote anayekwenda Sur huonyeshwa, liliundwa pale mwaka 1951, likauzwa, likaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakalirejesha kwao. Vyombo kama hivyo ndivyo vilivyowachukua babu zetu kwenda Unguja kwa kaskazi na kuwarejesha kwa kusi. Naomba msomaji amuweke fundi huyu wa Sur akilini, maana tutamhitaji mbele.

Njia zetu zilivyokuwa

Vijana wetu wanaotoka Maskati asubuhi wakala chakula cha mchana Ibra na jioni wakawa Sur, kwa njia pana ya pande mbili, hawawezi kuamini kwamba mwaka 1970 nchi hii nzima ilikuwa na njia ya lami ya kiasi cha kilomita 10 tu. Kabla ya hapo gari lenyewe lilikuwa jambo la taarikhi. Disemba 1955 Sultan Said bin Taimur alipotoka Salalah mpaka Nizwa kwa msafara wa magari kupitia jangwani, safari ile ilikuwa ya ajabu hata ikaandikiwa kitabu na Jan Morris, ambaye siku zile alikuwa mwandishi wa gazeti na jina lake James.

Mimi nilifika mwaka 1975, kijana wa miaka 16, nimekhitimu chuoni Unguja na sekondari nimeiwacha katikati. Nikaimaliza Maskati, na mwaka 1980 nikapewa kazi ya kusomesha Kiingereza Ibra, kwa asili ya wazee wangu. Njia ya Bidbid kwenda Sharqiya tuliyoipita mara ya kwanza ilikuwa ya changarawe na mabonde. Likishuka bonde kwa mvua, unateremka garini, unatandika mkeka, unangoja mpaka maji yapungue. Tulikuwa tukisafiri nyuma ya Bedford na Land Rover, na mwili ulikuwa ukiuma siku mbili.

Ndipo wakubwa walipoanza kuonekana na Range Rover. Gari hili lilitoka Uingereza mwaka 1970, nalo lilikuwa jambo jipya. Lilikuwa na injini ya silinda nane ya lita 3.5, breki za diski magurudumu yote manne, nguvu kwenye magurudumu yote wakati wote, na badala ya springi za majani zilizokuwa zikitupiga mgongo, springi za mviringo zilizokuwa zikikupitisha kwenye mawe kama uliye mashuani siku ya shwari. Lakini waliolitengeneza walimfikiria mkulima wa Kiingereza na mbwa wake. Lilikuwa na milango miwili tu. Ukitaka kukaa nyuma, kiti cha mbele kiinamishwe, kisha upenye kwa kuinama.

Sasa fikiri, msomaji. Mtu wa Ibra au Nizwa ana mama yake mzee, ana mkewe na dada zake wamejitanda, na wote mahala pao ni nyuma. Je, mama apenye chini ya mkanda mbele ya watu waliokaa barazani? Hapo ndipo washonaji walipopata kazi.

Washonaji wenyewe

Wengi walikuwa Uingereza. London palikuwa na Wood & Pickett, karakhana iliyoanzishwa mwaka 1961 na watu wawili waliotoka Hooper, nyumba ya zamani iliyokuwa ikiwaundia wafalme magari yao mpaka ilipofunga mlango. Hawa kwanza walijulikana kwa kuzitia fakhari Mini, yale magari madogo, kisha wakahamia Range Rover: ngozi, mbao za kung'arishwa, taa, mashine ya baridi. Bristol palikuwa na Glenfrome, waliokuwa wakirefusha magari, wakikata paa, na hata wakalitoa gari lao la Facet lenye uso wa pembe pembe, lililobuniwa na Dennis Adams, ambalo ukiliona huwezi kujua kwamba ndani yake mna Range Rover. Worcester palikuwa na Carmichael, waliokuwa wakiongeza jozi ya tatu ya magurudumu na kuunda magari ya zimamoto ya viwanja vya ndege. Palikuwa pia na Schuler, ambao baadaye walijiita Overfinch, waliokuwa wakiitoa injini ya Kiingereza na kutia ya Kimarekani ya lita 5.7.

Uswisi, karibu na Basel, Peter Monteverdi alianza mwaka 1976 kuuza gari lake la Safari, lililojengwa juu ya Scout la Kimarekani, na mwaka 1980 akatoa Range Rover ya milango minne kwa ridhaa ya kiwanda chenyewe.

Kwa nini gari hili lilikubali kushonwa upya? Kwa sababu bodi na fremu vilikuwa mbali mbali. Chini pana fremu ya chuma yenye nguvu, juu pana mifupa ya bodi, na mabati ya nje sehemu kubwa ni alumini. Fundi akitaka kulirefusha, anaikata fremu katikati, anaongeza kipande, anakichomelea na kukitia viraka vya chuma, kisha anarefusha shafti, mabomba ya breki na nyaya. Akishafanya hivyo, ana nafasi ya kutia mlango wa pili kila upande.

Lakini kila mshono una gharama yake. Uzito ukizidi, springi zinalala. Mashine ya baridi ikiwa kubwa, injini inachemka kwenye mchanga. Alumini ikikutana na chuma na unyevu wa pwani, inaliwa polepole pasi na kuonekana. Na kile kipande kilichoundwa kwa mkono, kama mlango, kioo au mpira wa kuzuia vumbi, hakimo katika kitabu cha vipuri cha duka lolote duniani.

Wateja wakubwa walikuwa wa Ghuba, na si wote waliotaka kumstiri mama. Wengi walitaka magari ya kuwindia: paa la kufunguka, viti vya juu, mahala pa kukalia kozi. Tusijifiche, magari yalifanya na madhara. Choroa mweupe, tunayemwita hapa al-maha, alikuwa ameishi katika Jiddat al-Harasis tangu enzi na enzi, na waliomfukuza kwa miguu au kwa ngamia hawakuweza kummaliza. Wawindaji wa magari walimmaliza. Wa mwisho wa mwituni aliuliwa mwaka 1972, na haikuwezekana kurejeshwa wengine ila mwaka 1982, kutoka kwenye vizazi vilivyohifadhiwa ng'ambo.

Ami yangu na athar zake

Sasa niifikie khabari yenyewe. Jina la ami yangu sitaliandika, na wenye kumjua watamjua.

Babu yetu alipotoka Ibra kwenda Afrika, hakuuza kitu. Aliwacha mitende michache na haki ya maji katika falaj. Kwa wasomaji walioko ng'ambo nieleze kwamba maji ya falaj hugawanywa kwa wakati. Kipimo chake ni athar, yaani kiasi cha nusu saa, na zamani mchana kilipimwa kwa kivuli cha mti na usiku kwa nyota. Mwenye athar zake, zamu yake ikifika, maji yote ni yake. Jamaa waliobaki Ibra waliitunza haki ya babu yetu zaidi ya miaka hamsini. Waliyatumia maji, wakaihudumia mitende, na kila msafiri aliyekwenda Unguja alipewa tende na salamu, aambiwe kwamba maji yake yapo. Ami yangu alipofika hapa na sanduku moja, baada ya duka lake la Unguja kupotea, waliobaki walimchukua kwa mkono wakamuonyesha mfereji, wakamwambia, "Haya ni yenu."

Alifanya kazi Maskati na Mola akamfungulia. Lakini alikuwa na jambo moyoni. Sisi tuliotoka Afrika Kiarabu chetu kilikuwa kizito, na watoto wa hapa walikuwa wakitucheka. Ami, ambaye Unguja alikuwa mtu wa kuamkiwa, hapa alikuwa akiulizwa mara mbili mbili jina la ukoo wake. Alitaka siku moja aingie Ibra, mama yake amekaa nyuma, aufungue mlango wake mwenyewe na kushuka kama bibi wa watu.

Mwaka 1980 akaniita. Akanambia tuandike barua kwa karakhana moja ndogo ya Uingereza ambayo jina lake nitalihifadhi, kwani watu wake hawapo tena wa kujisemea. Tuliandika usiku kwa taa ya kandili. Milango minne. Fremu irefushwe kwa inchi kumi. Kibao cha kukanyagia cha kuteremka. Mashine ya baridi. Friji dogo. "Na usukani kushoto," akasema, akacheka, maana miaka yote Unguja alikuwa ameendesha kwa usukani wa kulia.

Jawabu lilikuja baada ya wiki tano. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, yenye adabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bei, na bei ilikuwa kubwa. Ukurasa wa pili ulisema hivi, na narudia maana yake: kwamba milango ya nyuma na vioo vyake vitaundwa kwa gari hili peke yake, kwamba wao ni watu wachache na hawawezi kuahidi kuwa miaka mingi ijayo vitapatikana, na kwa hiyo wanamnasihi mteja anunue pamoja na gari seti ya pili ya vioo na mipira, na aihifadhi. Bei ya seti ile ilikuwa imetajwa.

Nilimsomea ukurasa wa kwanza. Akanyamaza muda mrefu. Akasema akiba yake haitoshi, na kwamba itambidi auze athar mbili za babu. Nikaona anasitasita. Nami nilikuwa na miaka 21, na gari lile nilikwisha kuliona usingizini na mimi ndiye niliyelishika. Nikajua kwamba nikimsomea ukurasa wa pili, ataahirisha. Akauliza, "Ni hayo tu?"

Nikasema, "Ni hayo tu, ami."

Gari lilipofika

Aliuza athar zile mbili kwa jirani, mtu mwema, aliyemuuliza mara tatu kama amekusudia. "Nitayanunua tena," ami alisema.

Gari lilishuka bandarini Mutrah mwaka 1981, rangi ya kijani kibichi. Niseme haki yake, lilikuwa zuri, na kazi ya mafundi wale ilikuwa safi. Mlango wa nyuma ulikuwa ukifunga kwa sauti ndogo kama kifuniko cha saa. Siku ile bibi yangu alipanda Maskati akashuka Ibra kama ami alivyotaka, mlango ukafunguliwa, kibao kikateremka, na wazee wa barazani wakasimama. Niliona machozi ya ami kwa pembeni. Yeyote anayesema lilikuwa gari la majivuno tu, hakuwapo siku ile.

Na wala hakulifungia uani. Lilichukua mabibi harusi wasiopungua kumi. Lilichukua wagonjwa Maskati usiku wa manane. Lilikwenda Nizwa msibani na kurudi na watu tisa. Wengi mnaosoma kitabu hiki mlilipanda mkiwa watoto, na mmoja wenu alilitapikia, nami ndiye niliyeosha.

Lakini mwaka ule ule wa 1981 kiwanda chenyewe kilianza kuuza Range Rover ya milango minne. Mwaka uliofuata wakaongeza gia za kujibadilisha wenyewe. Kile ambacho ami aliuzia maji ya babu yake kilikuwa sasa cha dukani, kwa bei ya chini, na vipuri vyake kwenye rafu.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kiangazi cha washonaji. Kazi yao kubwa ilikuwa kuongeza kile kilichosahauliwa na kiwanda, na kiwanda kilikuwa kimekumbuka. Kisha bei ya mafuta ikaporomoka, na mwaka 1986 pipa liliteremka hata chini ya dola 10. Wateja wa Ghuba wakafunga mikoba. Glenfrome hawakuvuka miaka ya themanini. Overfinch wapo mpaka leo, kwani injini yao ilikuwa kitu ambacho kiwanda hakikitoi. Wengi wengine waliondoka kama maduka ya msimu, watu ishirini au thelathini wakitawanyika, na michoro yao, kama ilikuwapo, kutupwa.

Kioo

Mwaka 1985 nilikuwa nalipeleka gari harusini Sur. Karibu na Bidiya lori la kokoto lilitupita, jiwe likaruka, na kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto kikamwagika chembe chembe mapajani mwa bibi. Hakuumia, alhamdulillahi.

Tukaandika barua Uingereza. Ilirudi na muhuri kwamba anayepelekewa hayupo. Tukaandika tena kwa jirani wa karakhana ile, akajibu kwa wema kwamba mahala pale sasa panauzwa mazulia.

Tukadhani fundi wa vioo wa Ruwi atakata kingine. Nieleze kwa vijana kwa nini haikuwezekana. Kioo cha mlango wa gari hukatwa na kupindwa kwanza, kisha hupashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Kikishapita hapo hakikatiki tena. Ukikigusa kwa kisu cha almasi kinasambaratika chote. Basi hata ungekuwa na vioo mia vya magari mengine, hapana ambacho ungeweza kukipunguza kikaingia. Kilichohitajika ni kile kile, na kile kile kilikuwa kwenye ukurasa wa pili.

Tulitia ubao. Bibi akakataa kukaa karibu na ubao, akasema amefanywa mzigo. Vumbi la Sharqiya likaingia, likala mashine ya baridi, likala vitasa. Ami hakusema neno, lakini alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba Waingereza wamemuuzia kitu cha kumtupa, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika buli la kahawa, nikimimina.

Aliyetutoa aibuni alikuwa fundi mmoja mzee wa Sur, mtu wa majahazi. Alilizunguka gari, akalipapasa kama apapasavyo ubavu wa chombo. Akapima mlango kwa kamba, akatafuta kipande cha msaji, akakichonga kwa tezo mpaka kikafuata mpindo wa bodi, akakitoboa mfuo, akatia plastiki nene ya kupitisha nuru. Hakika haikufanana na kitu chochote. Lakini vumbi halikuingia tena. Plastiki ikichakaa kwa mchanga tulimrudia, akabadilisha kwa siku moja. Alipofariki, mwanawe akabadilisha. Ubao ule upo mpaka leo mlangoni, na ndio kitu pekee katika gari lile ambacho hakijapata kuharibika.

Fundi aliye karibu

Jambo nililojifunza, ndugu zangu, ni hili: anayeshonesha hununua fundi kwanza, nguo baadaye. Karakhana zile za Uingereza hazikuwa za wezi. Zilikuwa na mikono mizuri kuliko viwanda vikubwa. Lakini zilikuwa mbali na njia zetu, na uhai wao ulitegemea mifuko ya watu wachache.

Tazama kwengine. Arusha na Nairobi mpaka leo wanakata Land Cruiser, wanairefusha, wanainua paa ili mtalii asimame atazame simba. Kazi ile ni ile ile ya Bristol na London, lakini haijafa, kwa sababu gari likivunjika Serengeti asubuhi, aliyelikata yupo mjini, anajua alipochomelea. Hapa kwetu nako, tembea sanaiya ya Ibra au Bidiya. Utawaona vijana wetu na mafundi wa Kihindi na Kipakistani wakizinyanyua Nissan Patrol na Land Cruiser za pikapu, zile wanazoziita Shas, wakiongeza springi, redieta kubwa na matairi ya mchanga, ili Ijumaa wapande vilima vya Bidiya. Mimi kelele zao zinaniudhi. Lakini kijana akikata shafti Ijumaa, Jumamosi yuko na fundi wake wanagombana, na Jumapili wamepatana. Hiyo ndiyo biashara ya kushonesha.

Ombi langu

Ami yetu amekwisha tangulia, Mungu amrehemu. Athar zile hakuzipata tena; kila mara mwenye kuuza alipopatikana, bei ilikuwa imemshinda. Mitende ilinyweshwa kwa maji ya kukodi, kisha ikauzwa. Gari liko uani kwake Ibra chini ya banda la makuti, na sasa ametokea mnunuzi kutoka nje anayekusanya magari kama yale, na ametoa bei ya maana. Watoto wa ami hawajaelewana. Mmoja anataka liuzwe. Mmoja hataki, asema ni ushahidi wa jinsi baba yao alivyodhulumiwa na watu wa ng'ambo. Wamesema mara nyingi kwamba Mwalimu ndiye aliyekuwapo, Mwalimu ndiye aamue.

Wanangu, mimi si wa kuamua. Baba yenu hakudhulumiwa na mafundi. Walimuonya kwa maandishi, kwa lugha ambayo hakuijua, na aliyeijua alinyamaza. Nimesomesha miaka thelathini na tisa, na kila siku niliwaambia watoto wa watu wasiruke mstari wanaposoma, na mimi niliruka ukurasa mzima. Nilikusudia kumwambia alipokuwa hai. Nilifika mpaka kitandani kwake spitali na barua mfukoni, akaniuliza khabari za skuli, nikamjibu khabari za skuli.

Uzeni au msiuze, hiyo ni haki yenu. Mkiuza, naomba msitoe ule ubao wa msaji ili kulifanya gari lionekane jipya. Muacheni mnunuzi auone na mumwambie nani aliuchonga. Na mkipata bei hiyo, kaulizeni kwanza kwa mjukuu wa yule jirani. Nimesikia anahamia Maskati, na huenda athar mbili akaziuza. Nami katika kiinua mgongo changu nimeweka kitu kwa ajili hiyo, na kitatoka siku mtakayokihitaji.

Barua iko kwangu, kurasa zote mbili, katika mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vyangu. Anayetaka kuisoma na aje baada ya Alasiri. Nitamsomea yote.